Gabrielle Roy na Lugha ya Mama

Sisi wa Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, tunajua uchungu wa mtoto anayefundishwa kwa lugha ngeni. Gabrielle Roy naye aliujua. Alizaliwa mwaka 1909 huko Saint-Boniface, Kanada, katika familia ya wasema Kifaransa. Mwaka 1916 serikali ya jimbo lao, Manitoba, ilifuta Kifaransa kama lugha ya kufundishia. Alipokua akawa mwalimu, akafundisha watoto wa wahamiaji. Kisha akawa mwandishi wa habari mjini Montreal. Riwaya yake ya kwanza, ya mwaka 1945, ilieleza shida za maskini wa mji huo. Mwaka 1947 ilipata tuzo ya Femina kule Ufaransa. Aliiandika kwa Kifaransa, lugha ile ile iliyofutwa shuleni. Alifariki mwaka 1983. Wazazi, tuzungumze na watoto wetu lugha zetu nyumbani.