Pura Belpré, mkutubi aliyezipa ngano za kwao nafasi rafuni

Kila mwaka wakutubi wa Marekani humtunuku nishani mwandishi na mchoraji wa asili ya Amerika ya Kilatini ambao vitabu vyao vya watoto vimeusawiri vyema utamaduni wa jamii hizo. Tuzo hiyo haikupewa jina la rais wala tajiri aliyetoa fedha zake. Inaitwa Pura Belpré, jina la mwanamke aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake akiwasimulia watoto maskini wa New York ngano za bibi yake.

Belpré alizaliwa katika mji wa Cidra kisiwani Puerto Rico, wakati ambapo kisiwa hicho kilikuwa kimetoka mikononi mwa Uhispania na kutiwa chini ya himaya ya Marekani kufuatia vita vya mwaka wa 1898. Baba yake, Felipe, alikuwa mjenzi. Kazi hiyo iliifanya familia kuhamahama kutoka mji mmoja hadi mwingine ikifuata mahali palipokuwa na majengo ya kujengwa.

Hata hivyo, kulikuwa na kitu kimoja ambacho familia hiyo haikukiacha nyuma kila ilipohama, nacho ni hadithi. Nyumbani kwao watu wazima walisimulia na watoto wakasikiliza, kisha watoto nao wakasimuliana. Pura alizihifadhi ngano hizo kichwani bila kujua kwamba siku moja zingekuwa mtaji wake.

Alipohitimu masomo ya shule ya upili jijini San Juan mwaka wa 1919, alijiunga na Chuo Kikuu cha Puerto Rico kwa nia ya kuwa mwalimu. Azma hiyo haikutimia. Alisafiri hadi New York kuhudhuria harusi ya dada yake, Elisa, na safari iliyokusudiwa kuwa ya muda ikageuka kuwa makao ya maisha.

Kama ilivyokuwa kwa wanawake wengi wa Puerto Rico waliofika jijini humo, kazi ya kwanza aliyoipata ilikuwa katika kiwanda cha nguo. Mlango mwingine ulifunguka kwa njia ambayo hakuitarajia.

Mkuu wa tawi la maktaba ya umma katika Barabara ya 135, mtaani Harlem, alikuwa Bi Ernestine Rose. Mama huyu aliamini kwamba maktaba ni sharti iwe na wahudumu wanaofanana na wakazi wanaoizunguka. Tayari alikuwa amewaajiri wasichana weusi, na sasa alitaka msichana anayezungumza Kihispania, kwa kuwa familia kutoka Puerto Rico zilikuwa zikiongezeka mtaani.

Aliyetafutwa kwanza ni Elisa. Mumewe hakupendezwa na wazo la mkewe kufanya kazi nje ya nyumba, hivyo Elisa akamwachia mdogo wake nafasi hiyo. Ndivyo Pura alivyoajiriwa mwaka wa 1921, na kuwa mtu wa kwanza kutoka Puerto Rico kufanya kazi katika Maktaba ya Umma ya New York.

Harlem wakati huo ilikuwa ikichemka. Washairi, wanamuziki na wanazuoni weusi walikuwa wakikutana katika tawi lilo hilo, na mwaka wa 1926 maktaba ikanunua hazina kubwa ya vitabu na nyaraka kuhusu watu weusi iliyokusanywa na Arturo Schomburg, yeye pia mzaliwa wa Puerto Rico.

Ila Belpré alikuwa na jambo jingine lililomkereketa. Alipopewa kazi ya kupanga vitabu vya watoto, alizipitia rafu za ngano za mataifa mbalimbali, moja baada ya nyingine. Nchi nyingi zilikuwa na nafasi yao. Puerto Rico haikuwa na hata kitabu kimoja.

Kwa mtu asiye na mtoto jijini humo, pengo hilo lingeonekana dogo. Kwa Belpré lilikuwa jeraha. Mtoto aliyeingia pale na kukuta hadithi za kila taifa isipokuwa la kwao angeondoka akiamini kwamba wazazi wake walitoka mahali pasipokuwa na lolote la kusimuliwa.

Aliporudi darasani kusomea ukutubi katika chuo cha maktaba hiyo katikati ya miaka ya 1920, mojawapo ya masomo aliyochukua lilikuwa utambaji wa hadithi. Wanafunzi walipotakiwa kuandika ngano, aliandika ile aliyoisikia kwa bibi yake, ya mende mrembo aitwaye Martina na panya Pérez aliyemchumbia. Wengi walifika kumposa Martina, lakini Pérez pekee ndiye aliyempendeza. Ndoa yao iliishia kwa msiba, baada ya Pérez kuponzwa na tamaa ya chakula na kutumbukia katika chungu kilichokuwa motoni.

Hapo ndipo alipokumbana na kizuizi. Kanuni ya maktaba ilikuwa kwamba hadithi zinazosimuliwa kwa watoto zitoke katika vitabu vilivyochapishwa, ili mtoto aliyependezwa aweze kukiazima kitabu na kujisomea. Kanuni hiyo ilikuwa na busara yake, lakini ilimfungia nje mtu ambaye ngano za kwao hazikuwa zimechapwa. Kwamba ngano hizo zilikuwa zimedumu katika vinywa vya watu vizazi na vizazi halikuhesabiwa.

Belpré aliruhusiwa kuzisimulia hivyo hivyo, na watoto wakazipokea kwa furaha. Lakini alielewa kuwa ruhusa ya mkubwa mmoja inaweza kuondoka na mkubwa huyo, ilhali kitabu hubaki rafuni. Alitia bidii hadi mwaka wa 1932, ambapo kampuni ya Frederick Warne ilichapisha hadithi hiyo kwa jina la Pérez and Martina.

Wakati huo alikuwa amehamishiwa tawi la Barabara ya 115, tangu mwaka wa 1929, kwa sababu jamii ya wazungumzaji wa Kihispania ilikuwa imeongezeka katika upande huo wa Harlem. Wazazi wengi walipita nje ya jengo hilo wakidhani kuwa ni mali ya wanaojua Kiingereza. Belpré hakuwangoja waingie. Aliwafuata makanisani na katika vyama vyao vya kijamii, akawaeleza kwa lugha yao kwamba maktaba ile ilikuwa yao pia.

Alianzisha vipindi vya hadithi kwa lugha mbili, Kihispania na Kiingereza, na akahakikisha kuwa sikukuu ya Wafalme Watatu, inayoadhimishwa na watu wa Puerto Rico kila Januari 6, inasherehekewa ndani ya maktaba. Kipindi cha hadithi kilianza kwa kuwashwa mshumaa. Kilipokwisha, mtoto aliwaza moyoni jambo alitakalo, kisha akauzima kwa pumzi yake.

Ili kuelewa uzito wa kazi hiyo, yafaa kukumbuka hali ya watoto hao nje ya kuta za maktaba. Katikati ya miaka ya 1930, chama cha wafanyabiashara wa jimbo la New York kilitoa ripoti iliyodai kwamba watoto wa Puerto Rico wana akili pungufu. Walikuwa wamepimwa kwa mitihani iliyotungwa kwa Kiingereza. Wapo walioamini ripoti hiyo. Mtoto aliyehukumiwa mjinga kwa sababu ya lugha ya mama yake alihitaji mahali ambapo lugha hiyo ilikuwa ufunguo badala ya kosa.

Mwaka wa 1940 Belpré alisafiri hadi Cincinnati kuwaeleza wakutubi wenzake katika mkutano wa chama chao cha kitaifa kuhusu kazi yake miongoni mwa wazungumzaji wa Kihispania. Katika safari hiyo alikutana na Clarence Cameron White, mpiga fidla na mtunzi mashuhuri wa muziki, Mmarekani mweusi. Walifunga ndoa mwezi Desemba mwaka wa 1943. Baadaye aliacha kazi ya maktaba ili aandamane na mumewe katika ziara zake na apate muda wa kuandika.

Matunda yake yalionekana mwaka wa 1946 kilipochapishwa kitabu The Tiger and the Rabbit and Other Tales, mkusanyo wa kwanza wa ngano za Puerto Rico kuchapishwa kwa Kiingereza nchini Marekani. Msomaji wa Afrika Mashariki hatapata shida kumtambua sungura wa ngano hizo, mnyama mdogo anayewashinda wakubwa kwa ujanja. Ngano za Karibi zina damu ya Afrika ndani yake, kwa kuwa waliopelekwa huko utumwani walinyang'anywa kila kitu isipokuwa yale waliyoyabeba vichwani.

Si kila alichokiandika kilipata bahati hiyo. Riwaya yake kuhusu msichana wa Puerto Rico, Firefly Summer, aliyoiandika katika miaka ya 1940, haikupata mchapishaji maisha yake yote.

White alifariki mwaka wa 1960, na mjane wake akarejea maktabani kama mtaalamu wa vitabu vya Kihispania vya watoto, akizunguka jiji zima kila palipokuwa na jamii hiyo. Alistaafu mwaka wa 1968, lakini hakupumzika. Aliombwa kusaidia mradi mpya wa maktaba katika eneo la South Bronx, lililokuwa likikabiliwa na umaskini mkubwa. Huko alitengeneza vikaragosi na kuwafundisha watoto kuigiza ngano zile zile alizozianza Harlem karibu nusu karne iliyotangulia.

Aliendelea kuandika pia. Once in Puerto Rico ilitoka mwaka wa 1973 na The Rainbow-Colored Horse mwaka wa 1978, mbali na vitabu vya Kiingereza alivyowatafsiria watoto kwa Kihispania. Alipenda kujilinganisha na yule mtu wa masimulizi ya Wamarekani aliyezunguka nchini akipanda mbegu za matofaa. Yeye alitaka kupanda hadithi.

Pura Belpré aliaga dunia Julai 1, 1982, mwaka uo huo ambapo jiji la New York lilimtunuku tuzo ya meya ya sanaa na utamaduni.

Miaka 14 baadaye, mwaka wa 1996, shirika la REFORMA linalotetea huduma za maktaba kwa jamii za Kilatini, likishirikiana na kitengo cha huduma za watoto cha Chama cha Wakutubi cha Marekani, lilitoa kwa mara ya kwanza tuzo yenye jina lake. Mwandishi aliyeshinda alikuwa Judith Ortiz Cofer, mzaliwa wa Puerto Rico, kwa kitabu An Island Like You. Kwa upande wa michoro alishinda Susan Guevara kupitia Chato's Kitchen. Mwaka huo pia ndipo Firefly Summer ilipochapishwa hatimaye.

Mwanzoni tuzo ilitolewa kila baada ya miaka miwili, kwani vitabu vya aina hiyo vilikuwa vichache. Tangu mwaka wa 2009 hutolewa kila mwaka, na mwaka wa 2021 kiliongezwa kitengo cha vitabu vya vijana. Waandaaji hawangeweza kuchukua hatua hizo kama vitabu vya kushindanishwa havingekuwapo.

Mabadiliko hayo ndiyo kipimo cha haki cha kazi ya Belpré. Aliikuta rafu tupu akaijaza kwa jasho lake mwenyewe, kitabu kimoja kimoja. Leo majaji wa tuzo yenye jina lake wana kazi ya kuchagua, na mtoto wa Harlem akiuliza hadithi ya kwao, mkutubi ana mahali pa kumwelekeza.