Ronald Fisher na Hesabu ya Urithi

Ronald Aylmer Fisher alizaliwa London tarehe 17 Februari 1890. Macho yake yalikuwa dhaifu mno, hata shuleni akafunzwa hisabati pasipo karatasi wala kalamu, naye akazoea kuyaona maumbo ya hesabu akilini. Udhaifu huo ndio uliomnyima nafasi jeshini vita vilipozuka mwaka 1914. Akawa mwalimu wa shule, kazi ambayo hakuipenda.

Wakati huo wataalamu wa urithi walikuwa wamefarakana. Wafuasi wa Mendel walishikilia kwamba sifa hurithiwa nzima nzima: ua ni jeupe au la zambarau. Wapinzani wao, waliokuwa wakipima watu, walisema kimo hakina mipaka kama hiyo. Hata katika familia zetu za Kisii na Nyamira, ndugu wa tumbo moja hawagawanyiki kuwa warefu na wafupi tu; wapo wa kila kadiri. Mwaka 1918 Fisher alithibitisha kihisabati kwamba pande zote mbili zilikuwa na haki. Jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, pamoja na mazingira, huzaa sifa isiyo na mpaka. Makala hiyo alikuwa ameiondoa Royal Society ya London baada ya wahakiki kuitilia shaka, ikachapishwa Edinburgh.

Mwaka 1919 aliajiriwa Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo. Huko Muriel Bristol alidai kwamba anaweza kutambua kwa ulimi kama maziwa yalitangulia chai kikombeni. Katika kitabu chake cha 1935 Fisher alieleza jinsi ya kulijaribu dai la namna hiyo: vikombe 8, maziwa yakitangulia katika 4, vyote vikipangwa kwa nasibu. Anayebahatisha ana nafasi moja tu katika 70 ya kupatia vyote. (Nyamira, penye michai hadi mlangoni, jaribio hilo lisingefanyika: maziwa na majani huchemshwa sufuria moja.)

Msomaji Mwafrika hawezi kuupita upande wake mwingine. Tangu ujana Fisher aliunga mkono harakati za kuamua nani azae na nani asizae, na UNESCO ilipotoa tamko lake kuhusu mbari, yeye alilipinga, akiamini kwamba makundi ya wanadamu hutofautiana kiakili kwa maumbile. Kwa maoni yangu, hesabu yake ya 1918 ilipaswa kumtia tahadhari: alijua jinsi jeni na mazingira yanavyoshirikiana katika sifa moja.

Alifariki Adelaide, Australia, tarehe 29 Julai 1962. Mwaka 2020 chuo chake cha zamani huko Cambridge, Gonville and Caius, kiliamua kuliondoa dirisha la kumbukumbu yake. Hesabu yake haikuondoka. Mwaka 2005 watafiti waliochunguza malaria katika pwani ya Kenya walikadiria kwamba urithi unaeleza takriban robo ya tofauti za kuugua baina ya watu, ilhali jeni mashuhuri ya selimundu inaeleza asilimia 2 tu. Zilizobaki ni jeni nyingi ndogo ndogo. Njia mojawapo ya kuzitafuta ni kupima usemi wa jeni, yaani kuhesabu nakala za RNA ambazo seli hutoa kutoka kwa kila jeni, kisha kukitazama kiasi hicho kama Fisher alivyokitazama kimo. Sampuli nyingi za tafiti hizo, hata hivyo, zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Damu ya Gusii imo kwa uchache mno kuweza kusema lolote.