Kristen Nygaard

Kristen Nygaard (27 Agosti 1926 – 10 Agosti 2002) alikuwa mwanahisabati na mwanasayansi wa kompyuta kutoka nchini Norwei. Katika miaka ya 1960, akiwa Kituo cha Kompyuta cha Norwei mjini Oslo, alibuni lugha ya programu Simula pamoja na Ole-Johan Dahl.

Simula 67 ilileta dhana za klasi na urithi: klasi ndogo hupokea sifa za klasi kuu na kuongeza zake. Kwa mfano, programu ya kuorodhesha wanyama wa Ngorongoro inaweza kuwa na klasi "Mnyama" yenye umri na jinsia. Klasi "Faru" na "Nyumbu" huzirithi bila kuziandika upya. Baadaye lugha ya Smalltalk, iliyoathiriwa na Simula, iliongeza metaklasi, yaani klasi ya klasi, inayowezesha kubadili namna klasi yenyewe inavyofanya kazi.

Katika miaka ya 1970 Nygaard alishirikiana na chama cha wafanyakazi wa chuma cha Norwei, ili wafanyakazi washiriki katika kuamua jinsi kompyuta zinavyotumika kazini mwao.

Yeye na Dahl walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2001. Dahl alifariki Juni 2002. Nygaard alimfuata Agosti mwaka huohuo.