William Hastie: Jaji wa Rufaa Aliyewahi Kukiacha Cheo

Cheo ni dhamana, na mwenye kukishika hupimwa zaidi siku inapombidi kukiacha. William Henry Hastie, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuwa jaji wa mahakama ya rufaa ya shirikisho nchini Marekani, alifaulu mtihani huo kabla ya kukikalia kiti kilichompa sifa.

Hastie alizaliwa tarehe 17 Novemba 1904 mjini Knoxville, katika jimbo la Tennessee. Alihitimu katika Chuo cha Amherst mwaka 1925, kisha akasomea sheria Harvard hadi kiwango cha uzamifu. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Howard, ambako Thurgood Marshall alikuwa mwanafunzi wake. Mwaka 1937 Rais Roosevelt alimteua kuwa jaji katika Visiwa vya Virgin. Miaka miwili baadaye alirejea Howard akiwa mkuu wa kitivo cha sheria.

Mwaka 1940 aliitwa kuwa mshauri wa Waziri wa Vita, Henry Stimson, kuhusu wanajeshi Weusi. Wakati huo jeshi liliwatenga askari kwa misingi ya rangi. Hastie alipendekeza utengano huo ukomeshwe, lakini mapendekezo yake yakapuuzwa, hususan katika kikosi cha anga, ambacho kiliwafunza marubani Weusi peke yao huko Tuskegee. Januari 1943, vita vikiwa vimepamba moto, alijiuzulu na kuzianika sababu zake hadharani.

Kujiuzulu huko hakukumzima. Akiwa wakili, alisimama pamoja na Marshall mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1944 walishinda kesi iliyowafungulia Weusi wa Texas kura za mchujo za chama cha Democratic. Mwaka 1946 walishinda nyingine, iliyopinga kuwatenga abiria Weusi katika mabasi yaendayo kutoka jimbo hadi jimbo.

Mwaka huohuo Rais Truman alimfanya gavana wa Visiwa vya Virgin, na mwaka 1949 akamteua katika Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tatu, yenye makao yake Philadelphia. Seneti ilimthibitisha mwaka 1950. Aliiongoza mahakama hiyo kuanzia 1968 hadi 1971.

Mwaka 1962 Rais Kennedy alimfikiria kwa Mahakama ya Juu, lakini akamteua Byron White. Aliyekuja kuwa Mweusi wa kwanza katika mahakama hiyo, mwaka 1967, ni Marshall. Ndiye pia aliyewashauri wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa Lancaster House, London, mwaka 1960, na kuandaa rasimu ya haki za kimsingi.

Hastie alifariki tarehe 14 Aprili 1976. Kiti cha juu kabisa hakukipata, ila aliyekikalia alikuwa mwanafunzi wake. Kwa mwalimu, huo nao ni urithi.