Hergé: Tintin alikuwa wa nani?

Mwezi wa tano 1930, watu wengi walijazana kwenye gare du Nord mjini Bruxelles kumpokea kijana aliyevalishwa kama Tintin, eti anarudi kutoka Urusi. Wote walijua Tintin ni mtu wa kuchorwa tu, lakini walikuja. Mchoraji wake alikuwa na miaka 22. Tangu siku ile ilionekana kwamba Tintin hakuwa wake peke yake.

Georges Remi alizaliwa tarehe 22 mwezi wa tano 1907 huko Etterbeek, Ubelgiji. Jina Hergé ni herufi R na G zikisomwa kwa Kifaransa. Tintin alitokea mara ya kwanza tarehe 10 mwezi wa kwanza 1929, katika kurasa za watoto za gazeti Le Vingtième Siècle. Mkubwa wa gazeti alikuwa padri Norbert Wallez, na yeye ndiye aliyekata maneno. Kiisha hadithi ya Urusi, Hergé alitaka kumpeleka Tintin Marekani. Padri akasema: Kongo kwanza.

Hergé hakukanyaga Kongo hata siku moja. Alichukua picha zake katika museo ya Tervuren na katika maandishi ya wakati wa ukoloni. Ndiyo sababu Wakongomani wa kitabu kile wamechorwa kama watoto wasiojua kitu. Mwaka 1946 alikichora upya kwa rangi. Somo ambamo Tintin aliambia wanafunzi kwamba inchi yao ni Ubelgiji likageuka somo la hesabu. Baadaye Hergé alikubali kwamba lilikuwa kosa la ujana.

Mwaka ule ule gazeti Tintin lilianza, na kila juma wasomaji walidai kurasa mpya. Kazi ikamlemea. Zaidi ya mara moja aliacha hadithi katikati akaenda kupumzika Uswisi, na wasomaji wakabaki wanangoja. Mwaka 1950 alifungua atelye yenye wasaidizi, lakini neno la mwisho lilibaki lake.

Wapenzi hawakutaka Tintin abadilike. Katika kitabu cha 1976, Hergé alimvua ile suruali fupi ya zamani akamvalisha jinzi. Wengi walinung'unika, sawa vile mtu wa jamaa amewaaibisha.

Huko Marekani mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka 1938, Jerry Siegel na Joe Shuster waliuza haki za Superman kwa dola 130. Kampuni ikawa mwenye shujaa, na mpaka leo wachoraji wengine wanaendelea naye. Hergé hakutaka hivyo. Alisema wazi kwamba akifa, mtu yeyote asimwendeleze Tintin. Alikufa tarehe 3 mwezi wa tatu 1983, akaacha hadithi moja katika michoro ya kwanza. Wapenzi walitamani imalizwe, na Bob de Moor, msaidizi wake wa miaka mingi, alikuwa tayari. Mjane wake, Fanny, alikataa. Mwaka 1986 michoro ilitolewa vile ilivyokuwa, bila mwisho.

Uamuzi ule ulimlinda Tintin asiharibiwe na wengine. Lakini aliyeweza kusahihisha vitabu hayupo tena, na kile cha Kongo kimebaki vile alivyokiacha. Mwaka 2007 Mkongomani mmoja anayeishi Ubelgiji alikishtaki kwa ubaguzi. Mwaka 2012 tribinali ya Bruxelles ilikataa madai yake. Kwa sheria ya Ulaya, haki zitabaki kwa warithi mpaka mwisho wa 2053.

Lakini Kinshasa wachongaji hawakungoja. Kwa miaka mingi wanachonga Tintin wa mti, wanampaka rangi na kumuuzia wageni. Wakati wa kuchora, hakuna aliyewauliza Wakongomani neno. Leo Tintin anapita mikononi mwao, na wanamchonga vile wanavyotaka.