Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi

Bwana huyu, nisba yake Khwarizm, aliishi yapata mwaka 780 hata 850, akafanya kazi katika Baytul Hikma ya Baghdad, zama za Khalifa Al-Maamun (813–833). Alitunga kitabu cha al-jabr wal-muqabala kuwasahilishia watu hisabu za biashara, wasia na mirathi. Na mirathi si mchezo, kwani hisabu ikipotoka, mtu hula haki ya yatima.

Hakutumia alama, yote kwa maneno. Kisichojulikana alikiita jidhri, nayo ikizidishwa kwa nafsi yake huwa mali. Mathalan: mali moja ni sawa na jidhri 40 kasoro mali 4. Aliongeza mali 4 pande zote mbili, kasoro ikaondoka. Basi mali 5 ni jidhri 40, na mali moja ni jidhri 8. Jidhri ni 8, mali 64.

Mtoto wa Michenzani leo huandika herufi yenye 2 ndogo juu yake. Naye hukosea pale pale, akijumlisha mali na jidhri kana kwamba ni jinsi moja.

Mwaka 1145 kitabu kilifasiriwa kwa Kilatini.