Władysław Anders

Władysław Anders (11 Agosti 1892 – 12 Mei 1970) alikuwa jenerali wa jeshi la Poland. Anajulikana hasa kwa kuongoza jeshi lililoteka Monte Cassino nchini Italia mwaka 1944. Katika historia ya Tanzania anakumbukwa kwa sababu nyingine: raia wa Poland aliowatoa Umoja wa Kisovyeti mwaka 1942 ndio waliojaza makambi ya wakimbizi ya Tanganyika, pamoja na lile la Kidugala katika eneo la Njombe, si mbali na Makambako.

Maisha ya awali

Anders alizaliwa karibu na Krośniewice, wakati sehemu hiyo ya Poland ilipotawaliwa na Urusi. Alisoma chuo huko Riga, na katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alipigana kama askari wa farasi wa jeshi la Urusi. Poland ilipopata uhuru mwaka 1918 alijiunga na jeshi lake.

Kifungo

Mwezi Septemba 1939 Poland ilivamiwa na Ujerumani, halafu na Umoja wa Kisovyeti. Anders alijeruhiwa akakamatwa na Wasovyeti, na baadaye akafungwa katika gereza la Lubyanka mjini Moscow. Katika miaka 1940 na 1941 mamia ya maelfu ya raia wa Poland, wakiwemo wanawake, watoto na wazee, walihamishwa kwa nguvu hadi Siberia na Asia ya Kati. Wengi walikufa kwa njaa, baridi na maradhi.

Kuwatoa raia

Ujerumani ilipoushambulia Umoja wa Kisovyeti mwaka 1941, serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London ilipatana na Moscow tarehe 30 Julai. Anders aliachiliwa huru ili aunde jeshi la Wapoland. Pamoja na wanaume waliokuja kuandikishwa walifika pia wake, watoto na yatima. Wasovyeti walitoa posho ya chakula kwa askari tu, tena kwa idadi pungufu, hivyo askari waligawana chakula chao na raia.

Jeshi liliporuhusiwa kuhamia Iran, Waingereza walitaka askari na waliogopa mzigo wa kulisha raia. Anders alishikilia kwamba raia waondoke pamoja na jeshi. Kati ya Machi na Agosti 1942 watu wapatao 115,000 walivuka kwenda Iran, wengi wao kwa meli kupitia Bahari ya Kaspi. Zaidi ya 37,000 kati yao walikuwa raia. Wengine walikufa kwa homa ya matumbo na udhaifu baada ya kufika Iran.

Wengi zaidi walibaki nyuma. Moscow haikuwatambua Wayahudi, Waukraine na Wabelarus waliotoka Poland kuwa raia wa nchi hiyo, na jinsi Wayahudi walivyopokewa jeshini bado inajadiliwa na wanahistoria. Mwezi Aprili 1943 Moscow ilivunja uhusiano na serikali ya Poland.

Wakimbizi katika Tanganyika

Kutoka Iran raia walipelekwa Uhindi, Mexico, New Zealand na Afrika. Tanganyika, iliyokuwa chini ya Uingereza, iliwapokea katika makambi ya Tengeru, Kondoa, Morogoro, Ifunda na Kidugala. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru karibu na Arusha, yenye watu wapatao 5,000. Kidugala ilikuwa misheni ya Kilutheri iliyoanzishwa na Wajerumani. Makambi yalikuwa na shule, makanisa na hospitali. Wakimbizi wengi walikuwa familia za askari wa Anders, na baadhi yao walizikwa katika ardhi ya Tanganyika.

Baada ya vita

Nchi yao ilipoangukia chini ya serikali ya kikomunisti, wengi walikataa kurudi. Makambi yalipofungwa walihamia Uingereza, Kanada, Australia na kwingineko. Anders mwenyewe alinyang'anywa uraia wa Poland mwaka 1946, akaishi uhamishoni London hadi kifo chake. Alizikwa Monte Cassino kati ya askari wake. Uraia wake ulirudishwa baadaye.